Usiishi Kama Abiria



Ukienda kufundisha Kiingereza Thailand, wiki za kwanza ni picha za kuweka status tu. Kisha yanabaki ya kila siku: kuvua viatu mlangoni, kusalimia kwa viganja vilivyounganishwa, kusahihisha madaftari, chumba kimya jioni. Hapo ndipo moyo unaanza kuhesabu siku za kurudi.

Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu. Alilala kwa Akila na Prisila, akashona nao mahema. Hakuishi kama abiria.

Basi jifunze lugha ya wanafunzi wako. Mjue muuza mboga kwa jina. Tafuta parokia, hata usipoelewa neno, Ekaristi ni ile ile. Anayehesabu siku tu hana nafasi ya kumpenda mtu.

Bwana, nifundishe kukaa. Amina.