Nani Akatae Malkia?

Ukipata dakika kumi leo, panga kete nne tu kwenye ubao wa sataranji: mfalme mweupe b6, askari wake c6, mfalme mweusi a1, ngome yake d5. Mweupe anaanza, na askari wake yuko mbioni kuwa malkia.

Mwaka 1895 gazeti moja la Glasgow, Scotland, lilichapisha fumbo linalokaribiana sana na hili kama sare. Utamu ulikuwa kwenye ujanja wa mweusi. Askari akishapanda c7, ngome inamfukuza mfalme mweupe hatua kwa hatua hadi c2, kisha inakaa d4. Askari anaingia c8, anageuka malkia, na hapo ngome inajitupa c4, mbele ya malkia huyohuyo. Ukiila, mfalme mweusi hashambuliwi ila hana pa kukanyaga: sare. Usipoila, malkia anakwenda, na wewe umekwisha.

Wasomaji wangeishia hapo (mimi pia, sina shaka). Lakini Fernando Saavedra, mtawa Mhispania aliyekuwa akiishi mjini humo, hakuridhika. Akatazama upya ile c8. Kwani lazima awe malkia? Akamfanya ngome! Sasa kujitoa mhanga pale c4 hakuleti sare tena, na ngome mpya inatishia kuua kutoka a8. Mweusi hana budi kukinga kwa a4. Mfalme mweupe anasogea b3: anaitishia ngome nyeusi, na papo hapo anafungua njia ya kuua kutoka c1. Mweusi hawezi kuzuia yote mawili.