TUPIME KABLA YA KUHUKUMU



Mwaka 1877, mjini Marseille, Ufaransa, mtaalamu wa nyota Édouard Stephan aliona mbinguni galaksi tano, yaani makundi makubwa mno ya nyota, zimebanana kama watu wa nyumba moja. Inayoonekana kubwa kati yao ni NGC 7320, iliyojipinda kama gamba la konokono.

Mwaka 1961 Margaret na Geoffrey Burbidge walipima mwanga wake. Galaksi zile nne zinatukimbia kwa zaidi ya kilomita 5,000 kila sekunde; hii ni 800 hivi tu. Leo tunajua iko umbali wa miaka ya mwanga milioni 40 hivi, na zile nne karibu milioni 290. Si jamaa yao. Ni jicho letu lililowaweka pamoja.

Ndugu zangu, mtu akionekana mara moja barabarani karibu na mwizi, tunamwita mwizi. Kesho mtaa mzima unamkimbia, na watoto wake wanachekwa. Nani alipima? Stephan hana kosa, aliandika alichoona. Sisi tunaongeza hukumu juu ya tulichoona, na hiyo tutaulizwa.