Adhabu na Jasho la Mfungwa

Hamsa ishirini! Neno hilo liliwatia watu hofu zamani za Wajerumani: viboko 25 kwa mara moja. Amri ya mwaka 1896 iliweka mpaka huo, ikakataza Waarabu na Wahindi wasipigwe. Mzungu alihukumiwa kwa sheria ya kwao. Basi kosa lilikuwa moja, bali adhabu ilipimwa kwa rangi ya mgongo. Nao wafungwa weusi, mnyororo shingoni, walifanyizwa kazi za serikali.

Walipokuja Waingereza, mambo yalibadilika sura tu. Aliyekosa fedha ya kodi aliweza kushurutishwa kuilipa kwa kazi. Na sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimhesabu mtumishi mtoro kuwa mhalifu. Vijana wengi wa Buha, toka Kibondo hata Kasulu, walikwenda manamba katika mkonge ili wapate fedha ya kodi. Kijana wa Kasanda akikimbia mkataba, aliweza kufungwa. Nyumbani kodi, ugenini mkataba, na nyuma ya yote mawili, jela.

Marekani nako, katiba ilipofuta utumwa mwaka 1865, iliacha mlango mmoja: mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Kwa mlango huo majimbo ya kusini yaliwakodisha wafungwa, wengi wao weusi, kwa wenye mashamba na migodi.

Je, mfungwa asifanye kazi? Hatusemi hivyo. Kazi ni heshima ya mtu, na kukaa bure huoza roho. Twasema hivi: amwadhibuye mtu asitajirike kwa adhabu hiyo. Mwenye kuhitaji mikono atatafuta wakosaji, na asipowaona, umaskini wenyewe atauita kosa.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Mwaka 1963, tukiwa tumekwisha kujitawala, sheria yetu iliwapa wezi na wala rushwa viboko 24: 12 wakiingia gerezani, 12 wakitoka. Rangi ya mkono ulioshika kiboko ilibadilika. Mgongo ulikuwa ule ule.

Enyi wazazi, swali hili limo hata nyumbani mwenu. Mtoto akikosa, mkamtuma mtoni, mwamtuma ili ajirekebishe, au kwa sababu mtungi ni mtupu? Ajibuye kweli hapo ndiye awezaye kuzihukumu serikali.