Du, Ndugu na Kibarua



Mwaliko wa karamu ya ofisini hapa Stockholm mara nyingi huja na maagizo ya mavazi, na neno linalopendwa ni la Kiingereza: «casual». Maana yake njoo ulivyo, usijikaze, tai iache nyumbani. Vijana wetu nao wanalichomeka katikati ya Kiswahili bila kusita. Nimelichunguza kidogo, kwa sababu historia yake haifanani na tabasamu lake.

Asili yake ni Kilatini. Cadere ni kuanguka, na casus ni anguko, yaani jambo lililotokea tu, kama embe linavyodondoka bila mtu kutikisa tawi. Neno likapitia Kifaransa, likaingia katika Kiingereza kwenye karne ya 14 likiwa na maana ya jambo la bahati. Baadaye likamshika mfanyakazi: mtu anayeitwa siku kazi ikiwepo na kusahauliwa siku isipokuwepo. Maana ya nguo za kupumzikia ni ya juzijuzi tu. (Na hata nguo hizo zina mwalimu wake: mwaka 1992 kampuni ya Levi Strauss iliwatumia maofisa utumishi wa Marekani kijitabu cha kuwaelekeza jinsi ya kwenda kazini bila urasmi!) Kwa hiyo Mwingereza anatumia neno moja kwa shati lisilo na tai na kwa mtu asiye na uhakika wa ujira wa kesho.

Waswidi wametenganisha. Kazi ya muda kwao ni tillfällig, neno lililotokana na falla, kuanguka, sawasawa na lile la Kilatini, lakini shati hawaliiti hivyo. Sisi pia tumetenganisha. Mfanyakazi wa siku kwetu ni kibarua, yaani barua ndogo, kwa ajili ya kile kikaratasi alichopewa ili akirudishe wakati wa malipo. Unguja, katika karne ya 19, wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa kwa wafanyabiashara, na ujira wao waligawana na mabwana zao. Hakuna Mswahili anayesikia neno kibarua akafikiria starehe.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mwaka 1967 nchi mbili ninazozipenda zilijaribu kuuondoa urasmi kwa ulimi. Huku Uswidi, Bror Rexed aliposhika ukurugenzi mkuu wa Medicinalstyrelsen, idara ya afya ya serikali, aliwatangazia wafanyakazi kwamba atawaita kwa majina yao ya kwanza, na wao wamwite Bror. Mabadiliko yalikuwa yameshaanza, ila jina lake ndilo lililobaki katika historia. Kabla ya hapo mtu alimwambia mkurugenzi usoni pake, «Je, mkurugenzi atapenda kahawa?», kana kwamba mkurugenzi yuko chumba cha pili. Leo kila mtu ni du, isipokuwa watu wa jumba la mfalme. Na kwetu Tanzania, mwaka huohuo wa 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na katika miaka ya Ujamaa waziri na mkulima wote wakaitwa Ndugu.

Angalieni tofauti. Du ukilitafsiri ni «wewe», na kumwita mzee «wewe!» kwetu ni kutafuta ugomvi. Sisi hatukumshusha mkubwa awe wewe. Tulimwingiza mdogo ndani ya ukoo. Lakini du limedumu, na Ndugu, ingawa ndani ya CCM bado utalisikia, kwingineko limempisha Mheshimiwa. Kwa nini?

Wengine husema ni tabia ya Mwafrika kupenda ukubwa. Mimi siamini. Sisi wahandisi tunajua kwamba daraja la chuma hurefuka kwa joto, kwa hiyo upande mmoja tunaukaza na upande wa pili tunauacha uteleze. Ukiacha pande zote mbili ziteleze, hilo si daraja tena. Mswidi alipoacha vyeo vilegee mdomoni, chini yake palikuwa na vyama vya wafanyakazi, mikataba ya pamoja na pensheni. Karani aliyemwita mkubwa wake Bror hakuhitaji kumnyenyekea ili apate haki yake. Kwetu haki nyingi bado zilipita mkononi mwa mtu, na mtu anayeshika riziki yako hawezi kuwa ndugu yako kwa tangazo.

Shida ni kwamba wengi wetu hapa tunaishi upande unaoteleza. Namjua mtu aliyefanya kazi ya kutunza wazee kwa saa, akiitwa kwa simu asubuhi, miaka mingi. Meneja wake alimkumbatia, alimwita kwa jina, alikunywa naye kahawa. Majira ya baridi saa zikapungua, kisha simu ikanyamaza. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemfukuza pia. Aliniambia, «Kaka, hata sikujua nimwulize nani, maana wote walikuwa marafiki.» Hapo ndipo maana mbili za lile neno la Kiingereza zinapokutana mwilini mwa mtu mmoja, na ulaini wa ile ya kwanza unaifunika ya pili.

Basi kikaratasi kina heshima yake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 sheria ya ulinzi wa ajira, LAS, inasema kwamba mwenye ajira maalumu ya muda akizidisha miezi 12 kwa mwajiri mmoja ndani ya miaka mitano, ajira hiyo inageuka kuwa ya kudumu. Ukipewa mikataba mitatu au zaidi ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, hata siku za katikati zinahesabiwa. Lakini lazima uwe umeziandika.

Vijana wanaponiambia shikamoo ni ya kizamani, eti inatokana na kushika miguu, siwabishii kuhusu asili. Nawaomba tu waitazame marahaba. Mama mmoja wa hapa, akishaitikia marahaba yake, haachi mkono wako mpaka umjibu kama umepata kazi ya kudumu, kama bado saa ngapi wanakupa, na kama karatasi zako unaziweka wapi.