Kiapo na Damu

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vina ubaya ambao aghalabu haupatikani katika vita vingine: kila upande husema kwamba wapigania nyumbani kwake, na kila upande husema kweli kwa kiasi chake. Juu ya vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, vilivyoua watu wasiopungua 620,000, wanavyuoni wameandika mno habari za mizinga, vilima na mito, wakashindana juu ya jemadari gani aliyempita mwenziwe kwa ustadi. Swali lililo gumu zaidi halimo katika ramani za mapigano. Mtu amekula kiapo cha kuitumikia dola. Kisha jamaa zake wakaiasi dola hiyo. Je, yampasa kufuata kiapo au kufuata damu?

Robert E. Lee alizaliwa Virginia mwaka 1807 katika ukoo wenye jina kubwa. Baba yake alikuwa kamanda wa askari wapanda farasi chini ya George Washington. Aliingia chuo cha vita cha West Point mwaka 1825, akalitumikia jeshi la Muungano kwa zaidi ya miaka thelathini. Tarehe 17 Aprili 1861 mkutano wa Virginia uliamua kujitenga. Kesho yake Lee aliitwa Washington, akaambiwa kwamba akitaka atapewa uongozi wa jeshi lililokuwa likikusanywa kuyazima maasi. Alikataa. Tarehe 20 aliandika barua ya kujiuzulu, na nyingine kwa dada yake, akamweleza kwamba hawezi kuuinua mkono wake juu ya jamaa zake, watoto wake na nyumba yake. Siku tatu baadaye alikuwa Richmond, amekwisha pokea ujemadari wa majeshi ya Virginia. Dada aliyeandikiwa barua ile alikuwa upande wa Muungano, na mwanawe alipigana upande huo huo. Hata katika nyumba ya Lee, basi, damu haikusema neno moja.

George H. Thomas naye alikuwa Mvirginia, mzaliwa wa wilaya ya Southampton, mwaka 1816. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano, watumwa wa wilaya hiyo waliinuka chini ya Nat Turner, na mama yake akakimbia pamoja na watoto kuokoa maisha yao. Baadaye alitumika na Lee katika kikosi kimoja cha wapanda farasi huko Texas. Mtu kama huyu, kwa kawaida ya mambo, angetazamiwa kwenda Kusini, na mapema mwaka 1861 alikuwa ametafuta kazi ya ualimu katika chuo cha vita cha jimbo lake. Lakini Virginia ilipojitenga, Thomas alibaki. Inasimuliwa kwamba dada zake waliigeuza picha yake ikatazama ukuta, wala hawakutaka tena kupata habari zake. Watu wa Kusini walisema kwamba alipotoshwa na mkewe, mwanamke wa New York. Maana ni rahisi kuamini kwamba mtu ametawaliwa na mke kuliko kuamini kwamba ametawaliwa na dhamiri.

Wanaomtetea Lee wana hoja isiyofaa kudharauliwa. Katika siku zile wengi waliliona jimbo kuwa ndilo nchi yao, na Muungano kuwa mapatano tu. Tena damu ni nzito kuliko maji, na ni nani asiyeona haya kumpiga nduguye? Walakini haya ya kumpiga ndugu haimlazimishi mtu kumwongoza ndugu katika kosa. Njia ya tatu ilikuwapo: kuvua upanga na kukaa kitako. Lee mwenyewe alisema kwamba hakutaka kuufuta tena upanga wake ila kwa kuilinda Virginia. Na bado mwaka 1862 alivuka mto Potomac akaingia Maryland, ambako katika siku moja ya Antietam, tarehe 17 Septemba, watu wapatao 23,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Mwaka uliofuata alifika Gettysburg katika Pennsylvania, na siku tatu zile zikayagharimu majeshi yote mawili watu kama 51,000.

Lakini hoja hiyo ina ufa mkubwa kuliko huo. Lee alisema "nyumbani". Je, nyumbani mwake mlikuwa na nani? Hesabu ya mwaka 1860 iliikuta Virginia ina watu kama 1,600,000, na 490,000 na zaidi kati yao walikuwa watumwa. Hao nao walizaliwa pale, walilima pale, walizika wazazi wao pale. Ilipopigwa kura ya kujitenga hawakuulizwa, na Lee alipotaja jamaa na watu wake hawakuwamo katika hesabu. Jeshi lake lilipoingia Pennsylvania, askari wake waliwakamata watu weusi, wengine wao wazaliwa huru, wakawapeleka Kusini utumwani. Wala haya si mambo ya mbali kwa msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki: pamba ya watumwa wa Marekani ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja, na watu waliovaa nguo iitwayo merikani hawakujua imetoka katika mikono ya nani.

Yamkini mtu atasema kwamba Lee hakuupenda utumwa. Ni kweli kwamba mwaka 1856 aliandika kuwa utumwa ni uovu. Ila aliacha kuondolewa kwake mikononi mwa Mungu, kwa wakati autakao Mungu. Mkwewe alikufa mwaka 1857, akausia kwamba watumwa wake waachwe huru kabla haijapita miaka mitano, na Lee, msimamizi wa wasia, aliwafanyisha kazi mpaka muda ulipokwisha. Hati ya uhuru wao aliitia sahihi Desemba 1862. Mmoja wao, Wesley Norris, alishuhudia mwaka 1866 kwamba walipotoroka na kukamatwa, Lee aliamuru wapigwe mijeledi. Uovu ambao mtu huukiri kwa kalamu na kuula kwa kijiko haumpunguzii deni.

Hapa pana fumbo. Lee alipopewa jeshi mwezi wa Juni 1862, adui alikuwa karibu na Richmond. Kama mji ungaliangushwa wakati ule, yamkini vita vingalikwisha, na utumwa ungalibaki, kwa kuwa Lincoln hakuwa bado ametangaza uhuru wa watumwa wa Kusini. Tangazo lile lilianza kazi tarehe 1 Januari 1863. Ustadi wa Lee ulivirefusha vita hata vikageuka vita vya ukombozi. Je, apewe sifa? Hasha. Tendo hupimwa kwa nia, na jema lililotoka katika kazi yake lilitoka kinyume cha alilolikusudia.

Ila kipimo hiki cha nia chamgusa Thomas pia, na wampendao hawapendi kukitaja. Thomas hakubaki kwa ajili ya watumwa. Yeye mwenyewe alikuwa amemiliki watumwa. Alibaki kwa ajili ya kiapo. Kiapo kilimweka upande wa haki kabla macho yake hayajaiona haki yote. Kule Chickamauga, tarehe 20 Septemba 1863, sehemu kubwa ya jeshi ilipokimbia pamoja na jemadari mkuu, Thomas alisimama kilimani mpaka jioni. Alipoweka makaburi ya askari huko Chattanooga, husimuliwa kwamba aliulizwa kama wazikwe jimbo kwa jimbo, akajibu wachanganywe, kwani amechoka na haki za majimbo. Hata hivyo alikuwa na shaka kama watu weusi waweza kupigana uwanjani. Tarehe 16 Desemba 1864, karibu na Nashville, kikosi cha 13 cha askari weusi kilipanda kilima kuielekea mizinga, kikapoteza watu wapatao 220, waliouawa na waliojeruhiwa. Thomas alipita juu ya farasi mahali walipolala maiti, na imesimuliwa kwamba aliwaambia maofisa wake kuwa shauri limekwisha, watu hawa wapigana. Ilimchukua miaka mitatu na nusu ya vita kufika kwenye maneno hayo, na waliomfikisha walikuwa wamekwisha kufa.

Alifariki San Francisco mwaka 1870, akazikwa Troy, mji wa mkewe. Rais Grant alihudhuria maziko. Jamaa zake wa Virginia hawakuja.