Injini ya Pikipiki Tumboni mwa Tuktuk

Wanangu wa Mjambere, habari imenifikia kabla yenu, maana mtaa wetu haufichi siri ya gereji. Mna tuktuk iliyokufa injini. Mna pikipiki ya mashindano ya matopeni, ya sisi (cc) 250, iliyogongwa mbele fremu ikapinda lakini injini ikasalimika. Na mna mchomeleaji aliyewaapia kuwa kazi ni ya siku mbili. Mwataka kuihamisha hiyo injini, kung'oa paa, kutia magurudumu manene, kisha siku ya Idi mshuke ufuo wa Pirates mkawaoneshe watu mchanga unavyoruka. Idi ikipita, chombo kirudi kwenye riziki, kibebe mizigo kwenda na kurudi Mwakirunge. Sitawaambia haiwezekani. Inawezekana, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Wala si jambo jipya chini ya jua. Tuktuk yenyewe ilizaliwa kwa njia hiyo. Mwaka 1948 kiwanda cha Piaggio, Italia, kilichukua injini ya skuta ya Vespa, sisi 125, kikaiunganisha na sanduku la mizigo na magurudumu mawili ya nyuma, kikakiita chombo hicho Ape. Aliyekichora ni Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyetoka kwenye helikopta. Tazameni basi mtu wa helikopta alifanya nini: hakuichukua injini akaipachika akaenda zake. Aliipangia njia mpya ya kupeleka nguvu nyuma, akatia difu, akaridhika na chombo cha kutambaa na mzigo wa kilo 200. Injini kwake ilikuwa sehemu ya hesabu. Kwenu naona ndiyo hesabu yote.

Sasa sikilizeni yaliyowapata Wamarekani, maana hayo ndiyo yanayofanana na yenu hasa. Mwaka 1970 Honda waliwatolea kitu kilichoitwa US90, baadaye kikabadilishwa jina kikawa ATC90: magurudumu matatu manene yaliyojaa upepo kidogo, injini ndogo ya pikipiki, na kiti cha mtu mmoja. Kilikuwa cha mchangani na kwenye theluji. Hata James Bond alikipanda katika filamu ya mwaka 1971, kwa hiyo mjue tamaa hii haikuanzia kwetu Kisauni. Kwa nguvu ile ndogo watu walicheka, wakaanguka, wakajipangusa. Kisha ikaja tamaa ya kukimbia. Mwaka 1981 Honda wakatoa ATC250R, injini ya mipigo miwili yenye nasaba ya pikipiki zao za motokrosi. Kawasaki wakajibu kwa Tecate, Yamaha kwa Tri-Z. Mnaona? Injini ya matopeni juu ya magurudumu matatu, kazi ya viwanda vikubwa vyenye wahandisi na viwanja vya majaribio, si ya mchomeleaji wa siku mbili. Hospitali za Marekani zikajaa majeruhi, wengi wao watoto, na wengine hawakufika hospitali. Mwaka 1988, mbele ya mahakama, kampuni hizo zilikubaliana na serikali kuacha kuuza vyombo vipya vya magurudumu matatu vya aina hiyo. Ndiyo maana vile mnavyoviona vikikodishwa ufuoni leo vina magurudumu manne.

Kosa lilikuwa wapi? Chukueni kijiti mchore pembetatu mchangani, ncha moja mbele, mbili nyuma. Uzito wa chombo na watu wake ukiwa katikati ya mistari, mko salama. Mkikata kona, uzito unasukumwa pembeni, kwenye mstari unaotoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma la upande wa nje. Mkishika breki kwenye kona hiyo hiyo, uzito unasogea pembeni na mbele kwa pamoja, na huko mbele pembetatu ni nyembamba. Ukivuka mstari, chombo kimelala, na hakikuulizi kama wewe ni dereva hodari. Gari la magurudumu manne lina kona ya nne ya kuuegemeza uzito huo. Nyinyi hapo hamna kitu.

Na kuna jingine. Zile ATC hazikuwa na difu: ekseli ya nyuma ilikuwa chuma kimoja, magurudumu yote mawili yakizunguka sawasawa. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, sasa yakifungwa pamoja chombo hukataa kukata, huenda moja kwa moja huku umepinda usukani. Dereva alilazimika kuegemea kwa mwili wote ili kulipunguzia uzito gurudumu moja. Aliyeshusha mguu kujizuia asianguke, gurudumu la nyuma liliukanyaga. Nawaeleza haya kwa sababu injini yenu ya pikipiki inatoa nguvu kwa sproketi na cheni, haiwezi kuingia kwenye difu na shafti za tuktuk bila kazi kubwa. Na najua fundi wenu atakachopendekeza akishindwa: atakata ile difu, atatia chuma kimoja, atachomelea sproketi katikati. Hapo mtakuwa mmeirudia ile ATC250R, tena bila matairi yake.

Twende kwenye joto. Injini ya tuktuk ya petroli iliyopozwa kwa hewa hukaa imefungiwa nyuma, na walioitengeneza walijua hilo, wakaiwekea feni na kava la kuupeleka upepo kwenye mapezi ya silinda hata ikisimama. Injini ya mashindano imezoea kukaa wazi. Radieta zake ndogo hungoja upepo wa mwendo, na nyingi hazina feni kabisa. Ifungieni chini ya kiti, ingieni foleni ya Kongowea saa saba mchana wakati wa kaskazi, kisha mhesabu dakika kabla ya maji kuchemka. Oili itakuwa nyepesi, pistoni itashika silinda, na injini mliyoisifia itakuwa chuma chakavu. Hata ikiendelea kupumua, mashine za mashindano hubadilishwa oili kwa kuhesabu saa za kazi. Hakuna mwenye tuktuk niliyemwona akifanya hivyo huku akitafuta pesa ya mafuta.

Nguvu yenyewe pia si ya aina mnayoitaka. Injini halisi ya mashindano ya sisi 250 hutoa nguvu za farasi 40 hivi, ya tuktuk ni 10 hivi. Lakini hizo 40 huja injini ikilia juu kabisa, ikimsukuma mtu mmoja juu ya pikipiki ya kilo 100 na kitu. Tuktuk yenye abiria wake au mzigo wake hupita kilo 600. Kuondoka nayo kwenye mchanga wa Mwakirunge mtachoma klachi. Rivasi hakuna, mtashuka kusukuma kwenye kila kichochoro. Taa na honi huenda zisiwake, kwa kuwa nyingi za mashine hizo hazikutengenezewa umeme wa kutosha.

Ikisha kukolea kasi, breki ni zile zile za ngoma. Kasi ikitoka kilomita 40 kwa saa hadi 60, nishati inayopaswa kumezwa na breki huongezeka zaidi ya mara mbili, ingawa mshale wa spidi umepanda kwa nusu tu. Mteremko mmoja na mzigo, ngoma zimewaka moto, kiatu cha breki kinateleza, na mbele yako kuna mama na beseni la mahamri.

Nawapa kipimo kimoja cha mikononi, hakihitaji pesa. Chukueni ile sehemu ya chesisi na mikono ya nyuma inayoshika magurudumu, hasa palipowahi kuchomelewa. Safisheni grisi na rangi mpaka chuma kionekane. Pakeni mafuta ya taa, ngojeni yaingie, kisha panguseni kwa tambara kavu, mpaka pasibaki unyevu wa kuonekana. Halafu sageni chaki nyeupe, mnyunyizie juu. Kama kuna ufa, hata ule ambao jicho halioni, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda kwenye chaki na kuchora mstari mweusi mweusi. Nimeona mstari huo kwenye tuktuk zilizokuwa zikibeba watoto wa shule asubuhi ile ile. Chuma kilichochoka kwa farasi 10 mwataka kukipa 40, tena ni bomba jembamba ambalo fimbo nene ya kuchomelea hulitoboa badala ya kuliunganisha.

Makaratasi sitayapigia kelele, ingawa yana uchungu wake. Namba ya injini imo kwenye logibuku, na ukiibadilisha injini, NTSA, mamlaka ya usafiri, wanapaswa kujulishwa na kumbukumbu kurekebishwa. Bima iliandikwa kwa chombo kilichoelezwa. Mkikigeuza kimya kimya, siku ya ajali kampuni itakuwa na hoja ya kukataa kulipa, na aliyevunjika mguu atawafuata nyinyi na wazazi wenu. Hiyo injini, je, ina risiti? Ina nakala ya logibuku ya ile pikipiki? Kama jibu ni "alituuzia jamaa fulani", basi mmenunua kesi, na siku polisi wakiisoma namba hiyo huyo jamaa hatapatikana.

Mtaniuliza, sasa baba, tufanyeje na tuktuk imelala uani? Kwanza hakikisheni imekufa kweli. Inueni nyuma kwa jeki, zungusheni magurudumu kwa mkono. Tuktuk nyingi zinazosemwa hazina nguvu ni breki zinazoshika, au klachi iliyokwisha, au kabureta chafu. Kama ni silinda kweli, ipelekeni ikachongwe, nunueni pistoni ya saizi inayofuata na ringi zake, sageni valvu. Mtatumia pesa, lakini chombo kitarudi kazini na dereva atapata hesabu ya kumpelekea mwenye chombo jioni. Ile ya mashindano iuzeni pamoja na karatasi zake kwa anayekimbia matopeni, au nyoosheni fremu mkaiendeshe kwenye uwanja, helmeti kichwani, mbali na ufuo wenye watoto.

Na kama bado moyo hautulii, mnataka kuunda, sitawafungia mlango. Mchoro uanze na breki na difu, uzito uwekwe chini, nyuma pawe papana, gia ziwe za kutambaa, na asipande abiria hata mmoja. Mafuta ya taa na chaki ninazo. Njooni na ekseli, injini iacheni nyumbani.