Dakika Kumi na Saba

Kijana mmoja mzaliwa wa Wete, Pemba, anayefanya biashara Tanga, alitakiwa kumwozesha dada yake. Baba na babu walishatangulia mbele ya haki, hivyo wali ni yeye. Nikaha ilipangwa baada ya sala ya alasiri. Mama yake akampigia: "Mwanangu, njoo siku moja kabla." Naye akajibu: "Mama, wasiwasi wa nini? Tanga na Pemba ni dakika 17."

Dakika hizo hakuzitunga. Aliandika majina ya viwanja viwili kwenye simu, akaletewa kilomita 84 na muda wa kuruka. Hesabu haina kosa: hupimwa mstari mnyoofu kutoka kiwanja hadi kiwanja, kisha hugawanywa kwa mwendo wa ndege. Cessna Caravan, ile ya injini moja inayochukua abiria 12 au 13, huenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya mwenyewe, utazipata 17. Ila mstari huo hauhesabu ndege kutembea ardhini, kupanda juu wala kujipanga kabla ya kutua. Tena haujui abiria katoka wapi na anakwenda wapi.

Akakata tiketi ya saa nane mchana. Kiwanjani Tanga begi likapandishwa mizani: kilo 24, na ruhusa ni 15. Akapandishwa na yeye mwenyewe, maana ndege ndogo haipakiwi kwa kukisia. Ikabidi afungue begi mbele za watu, atoe doti za kanga na seti ya vikombe vya bibi harusi, amwachie rafiki aliyemsindikiza. Kumbe haraka yote ile ya bure: ndege bado iko Unguja. Ilikuwa imetoka Dar, ikapitia Unguja, ije Pemba kisha Tanga ndipo igeuze. Mvua ya asubuhi Dar ilikuwa imevuruga ratiba nzima.

Saa kumi simu ikaita. Ni ami yake. "Shehe ana nikaha nyingine Konde, hawezi kungoja. Niwakilishe nimwozeshe mimi." Akamwakilisha pale pale, kasimama kando ya mizani, kidole kimoja sikioni apate kusikia.

Ndege ilifika saa kumi na robo. Angani walikaa dakika 20. Akatua Chake Chake, akangoja begi, akapatana na dereva, na hapo kuna kilomita 30 hivi hadi Wete. Adhana ya magharibi ikamkuta anaingia mjini. Nyumbani masufuria ya biriani yalikuwa yanasuguliwa.

Wenye safari fupi ndio hudanganyika zaidi. Anayekwenda Ulaya hujua siku nzima imekwisha. Wa dakika 20 huona hata nusu siku haitaguswa. Huko Scotland kuna ndege kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, kilomita 2.7, safari isiyozidi dakika mbili, na hata huko abiria sharti awahi kiwanjani.

Basi anzia hesabu mlangoni kwako, uimalizie mlango wa unakokwenda: mizani, vituo vya kati, mvua, gari la mwisho. Na kama shughuli yenyewe haina marudio, nikaha, maziko au mtihani, nenda ukalale huko.